Maswali Mia Moja na Ishirini

Fomu ilikuwa na maswali mia moja na ishirini, na Mzee Mhuri aliipenda kabla hajaisoma. Aliipima uzito kiganjani, akaigeuza, akapitisha kidole pembeni mwake kama mtu anayenunua kitambaa. Karatasi ilikuwa nzito, mistari imenyooka, visanduku vya kutia alama vimejipanga, na chini kabisa palikuwa na nafasi ya sahihi.

"Hii," alisema, "imetengenezwa na watu wenye akili."

Mshauri alitabasamu kama vile watu hao ni yeye. Alikuwa mtu wa makamo mwenye suti ya samawati iliyombana kwapani, na kadi yake ilisema kwamba yeye ni Mshauri wa Mwelekeo wa Maisha. Katika miaka kumi alikuwa ameuza bima, vichujio vya maji na dawa ya kuotesha nywele. Kwa kuwa hakuipata kazi yake mwenyewe, sasa alikuwa akiwatafutia wenzake.

"Mzee wangu, mtoto anajaza, mimi naingiza kwenye kompyuta, kompyuta inatoa njia. Haibahatishi. Haina upendeleo. Haijui huyu ni mtoto wa nani."

"Na njia yenyewe inatoka kwa maandishi?"

"Kwa maandishi, na inapigwa mhuri."

Hapo mazungumzo yakaisha. Mzee huyu alikuwa amekaa miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kupokelea barua, akigonga neno moja, IMEPOKELEWA, juu ya maneno ya watu wengine. Siku ya kustaafu wenzake walimpa ule mhuri, kwa sababu ofisi ilikuwa imeshapata mpya, naye akaupokea kama nishani. Nyumbani aliugonga kwenye bili za maji, kadi za harusi na ripoti za shule. Mwenye nyumba alipoandika barua ya kupandisha kodi, aliugonga mara mbili kwa hasira. Kodi ikapanda vilevile.

Nyuma ya pazia, bintiye wa miaka kumi na saba alikuwa amelala chali chini ya cherehani ya mama yake, bisibisi ikiwa mdomoni. Mtaa mzima ulimwita Bisibisi.

"Wewe! Toka huko chini umsalimie mgeni aliyekuja kukutoa huko chini," baba akaita.

"Shikamoo," sauti ikatoka uvunguni.

"Marahaba, binti," alisema Mshauri, akiinama kidogo kulielekea pazia. "Hebu niambie, unapenda nini maishani?"

"Saa hizi? Napenda mtu anisogezee taa."

Mama alicheka puani, akamsogezea taa. Kisha akafungua kibweta, akatoa ada ya Mshauri, ambayo ilikuwa malipo ya kushona sare kumi na moja za shule. Mama ndiye aliyezishona. Baba ndiye aliyekabidhi noti, kwa mikono miwili na kifua mbele, kana kwamba ametoka kuzichapa mwenyewe.

Ukweli ni kwamba Mzee Mhuri hakutaka ushauri wowote. Alikwisha kuamua kwamba binti ataingia chuo mwezi ujao kusomea Utawala wa Ofisi, atoke na cheti, apate meza, na mezani apate simu. Alichotafuta ni shahidi.

*

Maelekezo yalisema fomu ijazwe kwa kalamu nyeusi, kwa mwandiko unaosomeka, bila kufutafuta. Jumamosi mchana binti akaketi mezani, baba akasimama nyuma yake kama msimamizi wa mtihani.

Swali la kwanza: Unapenda kufanya kazi na watu, na vitu, au na taarifa? Binti akaandika "vitu". Kidole chake kikaacha alama ya mafuta ya cherehani.

"Umeichafua!"

"Ni doa tu, Baba."

"Kwenye fomu hakuna doa tu. Na hii ni herufi gani? Mwandiko gani huu, mwanangu? Kuku akipita juu ya unga ana nafuu."

"Si wanataka jibu? Jibu hilo hapo."

"Wanataka jibu linalosomeka. Ofisini mtu anakujua kwa mwandiko kabla hajakujua kwa sura."

"Ndiyo maana sitaki wanijue."

Baba alivuta pumzi ya kutoa hotuba, lakini jirani mshonaji akaingia bila hodi, gauni jeupe mikononi. "Bisibisi yupo? Jamani, cherehani yangu inakula gauni la watu, na harusi kesho!" Binti alikuwa ameshasimama kabla sentensi haijafika mwisho.

"Na fomu?" baba akauliza.

"Nitarudi, Baba."

"Nenda, nenda. Nitaendelea mimi. Nakujua kuliko unavyojijua."

Wala halikuwa jambo la ajabu. Katika nyumba ile hakuna fomu iliyowahi kujazwa na mkono mwingine. Kadi za kliniki, sensa, maombi ya kuunganishiwa umeme, zote zilipita kwake, na za majirani pia. Mahali palipoulizwa kama mgonjwa ana mzio wa dawa, aliandika "hana" pasipo kumuuliza mgonjwa, maana jibu hilo lilikuwa fupi na lilikaa vizuri ndani ya kisanduku.

Akahamia kwenye kiti cha binti. Maswali thelathini ya kwanza aliyajibu kwa niaba ya mtoto aliyetamani kuwa naye. Nadhifu? Ndiyo. Mtiifu? Ndiyo. Anafika kwa wakati? Kabla ya wakati. Kisha maswali yakabadilika sura.

Swali la thelathini na nne: Ukiachiwa siku nzima bila mtu wa kukuagiza, ungefanya nini?

Kalamu ikasimama. Katika miaka sitini na mitatu hakuna mtu aliyewahi kumuuliza jambo hilo. Si baba yake, si wakubwa wake saba wa kazini, si mkewe, ambaye alidhani jibu linajulikana. Alitazama nje dirishani, pale uani palipoegemezwa ubao ambao kwa mwaka mzima alikuwa akisema atautupa. Akaandika: "Ningekaa nje, nikichonga kitu." Akaona ni fupi, akaongeza: "Kitu chochote, mradi mbao iwe nzuri."

Swali la hamsini na nane: Je, unavumilia kuongozwa na mtu anayejua kidogo kuliko wewe? Hapo aliwakumbuka wakubwa wote saba, mmoja mmoja, pamoja na yule wa nne aliyekuwa akiandika "tarehe" kwa herufi kubwa katikati ya sentensi. Akaandika HAPANA, na nukta yake ikatoboa karatasi.

Swali la sabini na saba: Ni sauti gani inayokuchosha kuliko zote?

"Ya mhuri," akaandika, bila hata kuinua kichwa.

Alipomaliza, chai yake ilikuwa imepoa na mwili wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetokwa na homa. Wepesi huo akaudhania kuwa ni fahari ya mzazi. Akaandika jina la binti mahali pa sahihi, akalivuta mkia mrefu kama wa sahihi yake mwenyewe, akaitia fomu ndani ya bahasha. Mtu aliyepitia barua za watu miaka thelathini na mmoja hakuona haja ya kuipitia ya kwake.

*

Jumatatu binti akatumwa kuipeleka. Bahasha haikufungwa kwa gundi, naye njiani akaketi kwenye ngazi za duka la vipuri, akasoma. Alianza kwa kucheka. Alipofika kwenye mbao nzuri akaacha. Aliyemaliza kusoma alikuwa mtu aliyeketi wima, magoti yamebanwa pamoja, kama aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mkubwa wake ndani. Angeweza kuichana. Akairudisha ndani ya bahasha, akaipeleka.

Aliporudi alimkuta mama akikunja pindo za sare.

"Mama, ulijua Baba hapendi ofisi?"

"Nani kakwambia uongo huo?"

"Mwenyewe. Swali la sabini na saba."

Akamsimulia. Mama alicheka mpaka uzi ukakatika kwenye sindano. Kisha kicheko kikamwishia ghafla, akabaki ameshika kitambaa.

"Miaka thelathini na mmoja nampigia pasi mashati ya ofisi," alisema. "Kola, mikono, mgongo. Asubuhi hata nikiwa na mimba yako. Kumbe mtu angesema tu! Hata hiyo pasi nisingenunua."

"Sasa nifanyeje na ule mkataba?"

Mkataba ulikuwa ndani ya kopo la vifungo, umekunjwa mara nne. Ulitoka kiwanda cha kushona sare na mashuka, mtaa wa nyuma ya soko, kilichotaka mwanafunzi mmoja wa ufundi wa mitambo kwa miaka miwili. Wavulana sita walifika getini siku ya majaribio, na Bisibisi. Fundi Mkuu, mzee mwenye vidole tisa, aliwapa cherehani inayoruka mishono. Wavulana waliifungua mpaka ikabaki mifupa. Bisibisi alizungusha gurudumu taratibu kwa mkono, akainamisha sikio, akatoa sindano, akaigeuza, akairudisha. Mishono ikakaa. Fundi Mkuu ndiye aliyekuwa ameigeuza sindano makusudi.

"Nani kakufundisha?" alimuuliza.

"Cherehani ya mama. Haina adabu."

Nafasi ilikuwa yake, ila mkataba urudishwe Jumatano kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo ni ya mvulana aliyemfuatia. Na kwa kuwa hajatimiza miaka kumi na minane, chini palihitajika sahihi ya baba mzazi, au ya mama iwapo baba hayupo.

"Iwapo baba hayupo," mama akarudia. "Yupo. Tena yupo mno."

"Nikimwonyesha leo ataukataa, na akishakataa huwa harudi nyuma."

"Usimwonyeshe leo. Kesho Mshauri anakuja kusoma majibu. Mwache kwanza asomewe."

*

Jumanne alasiri sebule ilipangwa kama ya posa. Kiti chenye mito kilipewa Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyeitwa awe shahidi wa kheri. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na sita mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Mzee Mhuri alivaa shati la ofisi. Mezani aliweka mhuri wake na kidau cha wino, tayari kuupokea ukweli rasmi.

Mshauri akafungua faili, akakohoa.

"Mhusika," akasoma, "ni mtu wa mikono. Ana subira na vitu na hana subira na wakubwa. Anapenda kuona kazi yake imesimama mbele yake mwisho wa siku. Hashauriwi kupelekwa kazi ya ofisi. Kazi ya ofisi itamnyausha."

"Soma tena," alisema Mzee Mhuri.

"Kazi ya ofisi itamnyausha."

"Hiyo kompyuta yako ina wazimu."

Mshauri aliwahi kurudishiwa vichujio vya maji na wateja wenye hasira, hivyo alijua namna ya kuitetea bidhaa. "Mzee wangu, kompyuta haiongezi neno. Inarudisha kilichoandikwa. Tazama hapa mwenyewe. Kuongozwa na mtu anayejua kidogo: hapana, kwa herufi kubwa, na karatasi imetoboka. Sauti inayomchosha kuliko zote..." Akasogeza miwani. "Ya mhuri."

Mhuri ulikuwa pale pale mezani, kila mtu akautazama.

"Mhuri?" Shangazi akasema. "Mtoto wa miaka kumi na saba kachoshwa na mhuri? Kaugongea wapi?"

Mama aliokota uzi usiokuwepo kwenye gauni lake.

"Lakini kuanzia swali la pili mwandiko wake ni safi sana," Mshauri alisema, akidhani anasaidia. "Binti, hongera. Siku hizi huu mwandiko haupatikani."

"Lete nione." Shangazi akaishika fomu mbali na uso, kama wanavyoshika wazee. Mdomo wake ukaanza kutabasamu upande mmoja. "Huu mkia wa sahihi naujua tangu haujaota. Na haya ya mbao nzuri! Wewe si ndiye uliyechonga kitanda cha mwanasesere wangu, Baba akakuchapa kwa ubao ule ule, akasema mwanawe hatakuwa fundi?"

Mzee Mhuri alikuwa ameshika kingo za meza. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Baba aliniandikia, Shangazi," alisema Bisibisi. "Mimi nilikuwa nasema, yeye anaandika. Mwandiko wangu mbaya."

"Na mhuri?"

"Si anaugonga humu ndani kila siku? Umenichosha."

Baba alimtazama binti, na binti hakuinamisha macho. Katika sekunde hiyo mzee alijua kwamba binti amesoma fomu yote, mwanzo hadi mwisho, pamoja na mbao.

Shangazi hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi hivyo, tena alikuwa akifurahia. "Haya, ndugu yangu, tuambie wewe. Haya ni maneno ya mtoto au ni yako? Maana kama ni yako hakuna ubaya, fomu ijazwe upya, mtoto ajaze mwenyewe, aende chuo chake kama ulivyopanga. Sema tu ni yangu. Neno moja."

"Kujaza upya kunawezekana," alisema Mshauri. "Ada ni ile ile."

Neno moja tu, na binti angepata meza na simu. Lakini neno hilo lingemvua shati la ofisi mbele ya mkewe aliyelipiga pasi, mbele ya dada aliyemwona akichapwa, mbele ya mwuza dawa ya nywele. Ingebidi akubali kwamba miaka thelathini na mmoja alikuwa akinyauka, na kwamba alitaka kumpeleka mwanawe akanyauke pale pale, kwa ada yake mwenyewe. Wapo baba ambao wangelisema neno hilo. Wapo pia ambao wangelisema halafu wakalia, na nyumba ikawa bora. Mzee Mhuri alinyoosha kola.

"Ni maneno ya mtoto," alisema. "Nimeandika alivyosema. Mimi si mtu wa kubadilisha maneno ya watu kwenye fomu."

"Hata kidogo," alisema mama.

Bisibisi aliweka karatasi mezani, yenye alama ya mikunjo minne. "Basi, Baba, kiwandani wanahitaji sahihi yako. Kesho kabla ya saa sita."

Aliisoma yote, neno kwa neno, na kwenye kifungu cha tatu akasahihisha koma. Alitaka kukataa, ilionekana shingoni mwake. Lakini angekataa kwa hoja gani? Kompyuta imesema, mtoto amesema, na yeye mwenyewe ametoka kula kiapo kwamba mtoto ndiye aliyesema. Akatia sahihi, mkia mrefu. Kisha, kwa mazoea, akachukua mhuri, akaugonga. Wino ulikuwa umekauka. Akaugonga tena. Kwenye karatasi ukatoka nusu: IMEPOKE.

"Inatosha, Baba," alisema Bisibisi, akauchukua mkataba kabla hajagonga mara ya tatu.

Jumatano saa tatu ulikuwa mezani kwa Fundi Mkuu. Hivyo ndivyo binti yule alivyopata kazi yake. Hakuipata kwa mapenzi ya baba wala kwa maarifa ya kompyuta. Aliipata kwa kiburi cha mtu aliyeona afadhali apoteze hoja kuliko apoteze heshima ya shati lake.

*

Baada ya miezi miwili, hakuna kinyozi wala mwuza duka sokoni ambaye hakuwa amesikia jinsi Mzee Mhuri alivyompangia bintiye maisha. "Mtoto huwezi kumlazimisha," alikuwa akisema, kitambaa cha kinyozi shingoni. "Nilimpima kitaalamu. Nikaona huyu ofisi itamnyausha. Nikatia sahihi mwenyewe." Watu waliitikia, kwa kuwa kinyozi ana wembe na mzee ana maneno, na vyote viwili hutaka kichwa kitulie. Bisibisi aliposikia habari hizi kiwandani hakukanusha. Alikuwa na mitambo arobaini, na kila mmoja ulikuwa na tabia yake.

Siku moja asubuhi, mkewe akiwa amepeleka sare, Mzee Mhuri alifungua sanduku lake la nyaraka, akatoa majibu ya kompyuta, akayakunja ndani ya gazeti, akaenda mpaka ofisi ya Mshauri. Juu ya mlango palikuwa na kibao kipya. Ndani palijaa magodoro, na Mshauri, suti ile ile, alikuwa akilipiga moja makofi mbele ya mteja kuonyesha linavyorudi juu.

"Mzee wangu! Binti hajambo?"

"Hajambo. Nina swali la kiofisi." Aliitoa karatasi, lakini hakuikunjua. "Majibu kama haya yana mwisho wa matumizi?"

"Kwani binti amebadili mawazo?"

"Hapana. Nauliza tu. Tuseme mtu amepimwa, akachelewa kidogo kuanza. Tuseme ana miaka, tuseme, sitini na mitatu."

Mshauri alimtazama, akacheka kwa ukarimu. "Sitini na mitatu! Huyo apumzike, mzee, amefika. Nina godoro hapa zuri sana kwa mgongo wake."

Mzee Mhuri aliirudisha karatasi ndani ya gazeti. Alishukuru, akasema atamwambia mhusika, akatoka.

Hatua hamsini mbele palikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Alilipita. Akasimama, akanyoosha kola, akarudi. Alizitazama patasi zilizotundikwa ukutani kwa muda mrefu, kuanzia nyembamba hadi pana, mpaka mwuzaji akamfuata.

"Hiyo ya nne," alisema. "Yenye mpini wa mti, si wa plastiki."

Mwuzaji akaishusha. Mzee alipitisha dole gumba kwenye makali yake, polepole, akasahau kuliondoa.

"Ya nani hii, mzee?"

"Ya binti yangu. Ndiye aliyeniagiza."

"Yule uliyesema ni fundi cherehani? Cherehani na patasi wapi na wapi?"

"Kijana," alisema Mzee Mhuri, "andika risiti."